Mguu umevimba na unatoa maji: tunayoambiana mtaani na hali halisi

“Acha yatoke, huo ni uchafu wa mwili.”

Hiyo niliisikia kwa majirani, kwa wateja wa zamani wa shangazi yangu, mpaka kwa boda aliyemleta. Shangazi kauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, miaka na miaka, anakaa kwenye kigoda toka saa kumi na moja alfajiri mpaka jua liwe kali, na alipohamia kwangu Nyegezi miguu yote ilishavimba ila wa kushoto ndo ulikuwa unavuja, maji yenye unjano kidogo kama chai ya rangi iliyozidishwa maji, yanashuka taratibu mpaka kwenye ndala, asubuhi godoro limelowa, mchana nzi. Na sisi tukaacha yatoke. Wiki tatu.

Sasa ukweli ni kwamba ule sio uchafu. Damu ikipita mwilini inaacha maji kidogo kwenye nyama, na kuna vijifereji vyembamba vya limfu ambavyo kazi yake ni kuyakusanya na kuyarudisha kwenye damu. Vikizidiwa au vikiharibika, au mishipa ya damu ya mguu ikichoka kupandisha damu juu, maji yanabaki chini, ngozi inavutika mpaka inafanya vitundu, na ndo hapo unaona jasho lisiloisha. Ukiyaacha yatoke hayaishi, yanakuja mengine, na ngozi inayoshinda imelowa inageuka nyeupe na laini kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, halafu inachubuka, na bakteria wanapata mlango.

“Nyunyizia unga wa rangi mbili.” Hapa na mimi nimo, nilifungua vile vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili mwenyewe nikamwaga. Ule unga ukikutana na yale maji unatengeneza gamba, juu pakavu chini pabichi, ukilitoa linaondoka na ngozi. Dawa ya kumeza haifanyi kazi kwa kunyunyiziwa, na kama hakuna maambukizi hata kumeza haina maana, unawazoesha bakteria dawa tu. Spiriti, Jiki, majivu, dawa ya meno, vyote weka pembeni, na chale ndo usithubutu kabisa, mguu kama ule kila mkato ni mlango mpya.

Kinachosaidia ni kitu cha kawaida mno mpaka watu wanakidharau. Maji safi ya uvuguvugu na sabuni ya kipande isiyo na manukato makali, unaosha taratibu kwa mkono mpaka kwenye mikunjo, unasuuza sabuni yote iishe, halafu unakausha kwa kugusagusa na kitambaa, sio kusugua. Ngozi iliyo nzima unaipaka mafuta ya mgando mepesi ili isipasuke, lakini katikati ya vidole usipake, pale panatakiwa pawe pakavu. Pale panapovuja unaweka gozi (kile kitambaa cha vidonda) isiyonata na juu yake kitu cha kunyonya. Mimi nilikuwa natumia pedi, na siku mbaya nilikuwa nakata pampasi, plastiki ikae nje, nabadilisha kila ikilowa. Watu walicheka. Wacheke.

Na katikati ya vidole ndo penyewe. Siku ya kwanza tulipomwona nesi, alimwambia shangazi atanue vidole, akawasha tochi ya simu, akanionyesha kati ya kidole cha nne na cha mwisho: utando mweupe, ufa mdogo kama uzi, na harufu. Fangasi. Mimi nilikuwa naangalia muundi siku zote hizo wakati bakteria wanaingilia pale chini. Tukapewa krimu ya fangasi, tukaambiwa yeboyebo zinazomlowesha jasho aachane nazo, avae kiatu kipana ambacho hakibani, na asitembee peku.

“Huyo kakanyaga dawa ya watu.” Hii sibishani nayo sana maana huwezi kushinda, ila nitauliza tu kwa nini dawa ya watu inapenda waliosimama au kukaa mkao mmoja miaka ishirini, wazito, waliozaa mara nyingi, na waliowahi kupata damu kuganda mguuni. Hao ndo wanaoharibikiwa mishipa.

Wengine wanasema ni matende moja kwa moja, tena wanakwambia kayapata kwenye maji ya ziwa. Hapana kwa yote mawili. Matende yanaenezwa na mbu, mtu anaumwa na mbu wenye vimelea kwa muda mrefu ndo vinaharibu zile njia za limfu, na huwezi kuambukizwa kwa kumwosha mgonjwa au kuvaa ndala zake. Tanzania yamesumbua zaidi ukanda wa pwani kuliko huku kwetu. Zile dawa za kugawiwa, ivermektini na albendazoli, zinashughulika na vimelea, mguu ulioshavimba hazirudishi, huo unabaki na sabuni, bandeji na mazoezi. Ziwa lenyewe lina la kwake, kichocho, ambacho kinapenya kwenye ngozi ukiwa majini, na cha huku kikikaa sana kinaumiza ini mpaka tumbo linajaa maji, na miguu inaweza kufuata. Kwa hiyo kumpeleka mtu mwenye kidonda akaoshe mguu ziwani eti maji yanaponya, unamwongezea tu.

Mguu kuvimba ni dalili, sio jina la ugonjwa. Unaweza kuwa moyo, figo, ini, mimba, hata dawa ya presha, amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu (usiiache mwenyewe, rudi kwa daktari akubadilishie). Ndo maana kabla ya kufunga chochote mtu apimwe presha, sukari, mkojo, asikilizwe moyo.

Inayofuata ilitugharimu usingizi. “Mnyime maji, mpe kidonge cha kukojoza.” Duka moja la dawa lilituuzia bila hata kumpima, shangazi akawa anaamka usiku mara tano, siku ya tatu akaona kizunguzungu akashika ukuta, na mguu uko vilevile! Vile vidonge vina kazi yake kwa moyo au figo, tena daktari akiwa anafuatilia, lakini uvimbe wa limfu haukimbii kwa mkojo. Kunywa maji kawaida, isipokuwa daktari kakuwekea kipimo. Cha kupunguza ni chumvi, na hapo kwa watu wa huku kesi ipo, maana mtu anakwambia situmii chumvi kabisa huku kila siku anakula kayabo, samaki wa kukausha kwa chumvi.

“Funga kwa nguvu pale palipovimba.” Kufunga ni sawa ila sio hivyo. Ukikaza sehemu moja tu chini yake ndo panajaa, unakuwa umefunga kamba. Bandeji inaanzia karibu na vidole, inapita kisigino bila kuacha tundu, inapanda mpaka chini ya goti, kunabana zaidi huku chini kuliko juu. Ila kwanza mhudumu wa afya athibitishe kwamba damu inafika mguuni vizuri, maana mwenye mishipa iliyoziba, hasa wa kisukari na wavutaji sigara, bandeji inaweza kumuua vidole. Moyo uliochoka nao utulizwe kwanza. Na ukishafunga, vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vinakufa ganzi, fungua saa hiyohiyo.

Maji ya moto na chumvi? Hapana, mwenye ganzi anaungua na hajui.

Halafu kuna ile ya “mgonjwa apumzike asitembee”. Misuli ya kigimbi ndo pampu, mtu akikaa tu pampu imezima. Atembee kidogokidogo, na akiwa amekaa akanyage kisigino na vidole kwa zamu kama fundi anayekanyaga cherehani, shangazi alikuwa anafanya hivyo huku anachambua mchele. Mchana mguu upandishwe kwenye stuli yenye mto. Usiku tuliweka tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa chini, mto mmoja una tabia ya kuchomoka. Mtu anayebanwa pumzi akilala asifanyiwe hivyo, huyo aonwe na daktari.

Kuna siku za kuacha haya yote na kukimbia hospitali. Mguu mmoja umevimba ghafla na kigimbi kinauma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, inaweza kuwa damu imeganda, na akianza kukosa pumzi au kifua kinabana usisubiri kukuche. Mguu mwekundu, wa moto, mtu ana homa na anatetemeka, hayo ni maambukizi, anahitaji antibayotiki ya kuandikiwa, na siku hizo hakuna bandeji wala mazoezi, ni kuinua mguu na kitambaa cha maji ya baridi. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kinamgonga au anaona ukungu, aende sasa hivi.

Mguu wa shangazi uliacha kuvuja kama wiki ya pili baada ya bandeji kufungwa sawasawa. Haujawa mwembamba kama wa zamani na tuliambiwa hautakuwa. Ukimbonyeza kwa dole gumba bado anabaki na kishimo, ila kidogo. Kila jioni anatanua vidole mwenyewe, ananiita, “We, njoo na tochi.” Tofali bado ziko chini ya kitanda, na wageni bado wanauliza kama kuna mafuriko.