Kabla hujaniuliza "programu ipi nzuri ya picha", soma hii kwanza

Juzi tena kaja mwingine. Diski imejaa, anataka kufuta folda nzima ya picha apate nafasi, na sababu yake ni ile ile, "si zote nimeshaziimpoti Lightroom?" Jamani, hazimo humo. Sijui niliseme kwa lugha gani. Ukifuta ile folda, Lightroom Classic, ile programu ya Adobe ya kupanga na kuediti picha, itaendelea kukuonyesha vijipicha vyake vidogo na kialama kidogo cha mshangao pembeni usichokijali, utaperuzi, utawaonyesha watu, mpaka siku unataka kuprinti moja ndo inakwambia faili halipatikani, na hapo takataka za kompyuta ulishazimwaga zamani.

Nikieleza hivyo najibiwa "basi hiyo programu mbovu, nitajie nyingine". Sio mbovu, nyingi za aina hiyo ndo zinavyofanya kazi. Watu wanaichukulia programu kama sanduku, unatia picha, unafunga, siku ukihama unalibeba. Na imani hiyo ndo inayozaa lile swali ninaloulizwa kila siku, programu ipi nzuri ya kupanga na kuediti picha, utadhani jibu ni jina moja.

Tuanze na kilichomo. Katalogi ya Lightroom Classic ni faili moja linaloishia na .lrcat, na ukilichungulia ni databesi ya SQLite tu, aina ya databesi inayokaa kwenye faili moja. Humo kuna anwani ya kila picha kwenye diski, nyota ulizoipa, tegi (maneno ya kutafutia), maelezo, na mlolongo wa maagizo: pandisha mwanga kiasi hiki, kata kushoto hapa, punguza unjano. Picha yenyewe haijaguswa, imekaa kwenye folda pale pale ulipoiweka. digiKam, programu ya bure ya kupanga picha, nayo databesi, SQLite kwa kawaida, MySQL ukitaka. Nyie wa Apple Photos mna udhuru kidogo, manake ile kwa kawaida inazikopi picha kweli na kuzitia kwenye kifurushi chake, ila hebu kifungue uone: folda ya originals, ndani mafaili yenye majina ya herufi na namba ndefu zisizokwambia kitu, majina ya mwanzo yamebaki kwenye databesi. Siku databesi ikiharibika picha unazo, lakini tafuta sasa ipi ni ipi.

Kwa hiyo mimi nikiangalia programu mpya nauliza kitu kimoja kabla ya vyote: kazi nitakayoifanya humu inaandikwa wapi? Maana picha ulizipiga ndani ya sekunde, ila kukaa chini ukaandika huyu ni nani, hapa ni wapi, hii ni ya mwaka gani, hiyo ni kazi ya miezi na hakuna anayependa kuirudia.

Inaweza kuandikwa kwenye databesi ya programu peke yake. Inaweza kuandikwa ndani ya faili la picha lenyewe, kule kunakokaa Exif (maelezo ya kamera, kama tarehe) na IPTC (maelezo unayoandika wewe). Au inaandikwa kwenye kifaili cha pembeni kinachoishia na .xmp, mtindo wa kuandika maelezo ya picha. Hicho cha pembeni ukikifungua kwa Notepad utakuta maandishi ya kawaida kabisa, mstari kama xmp:Rating="4", chini yake dc:subject na zile tegi zako moja moja. Hakuna uchawi, unasoma kwa macho yako, na programu nyingine yoyote inayojua XMP itasoma pia. XMP ni ya Adobe, waliitoa 2001, ila siku hizi karibu kila programu ya maana inaielewa.

Sasa hapa ndo panaponikera. Lightroom Classic inajua kuandika XMP vizuri sana, ila haiandiki mpaka uiambie! Ile alama ya kuandika mabadiliko kwenye XMP yenyewe kwa yenyewe iko kwenye Catalog Settings na inakuja imezimwa. Mtu anatumia miaka, katalogi inakuja kuharibika, hana bekapu, na picha zote ziko safi kabisa kwenye folda bila neno hata moja juu yake. Na hata ukiiwasha usijidanganye kwamba kila kitu kinaandikwa, zile collections (makundi ya picha) ulizopanga hazimo, virtual copies (matoleo ya picha moja bila kukopi faili) hazimo, hivyo vinaishi kwenye katalogi tu. Halafu kuna kero ndogo ya majina. Kwa picha ya raw (data ghafi ya kamera) IMG_4821.CR2, Adobe wanaita kifaili cha pembeni IMG_4821.xmp, darktable, programu ya bure ya kuediti raw, wanaita IMG_4821.CR2.xmp. Mimi nawaunga mkono darktable, manake ukipiga raw na JPEG kwa pamoja ule mtindo wa Adobe haukwambii kifaili ni cha nani kati ya hizo mbili. Ila ndo hivyo, unakuwa na viwili kwa picha moja, halafu mtu anakuja anafanya usafi, "hivi vi-xmp ni vya nini", anafuta vyote.

Usifute hivyo vi-xmp.

Anayedhani natisha watu bure akumbuke Picasa, programu ya kupanga picha. Google waliinunua 2004, watu wakaipenda, ilikuwa nyepesi na ya bure, na Machi 2016 wakaacha kuihudumia. Maelezo uliyoandika chini ya picha za JPEG iliyaweka ndani ya faili, hayo yamesalimika. Mabadiliko ya kuediti uliyokuwa hujayasevu yalikaa kwenye vifaili vilivyofichwa vinaitwa .picasa.ini, kimoja kila folda, na aliyekopi picha zake kwenye diski mpya kwa kuchagua JPEG tu aliviacha nyuma bila kujua kwamba vipo. Aperture, programu ya picha ya Apple, ndo hivyo hivyo, ilitoka 2005, 2014 wakatangaza hawaiendelezi, na tangu macOS Catalina ya 2019 haifunguki kabisa. Hizo hazikuwa programu za uchochoroni, ni za Google na Apple. Kwa hiyo mtu akiniambia "hii ni ya kampuni kubwa haiwezi kufa" nanyamaza tu.

Basi jaribio langu ni hili, na halihitaji utaalamu. Kopi picha chache kwenye folda ya majaribio. Fungua programu unayoitamani, zipe nyota, andika maelezo, weka tegi, rekebisha tarehe ya moja, kata nyingine pembeni. Funga. Sasa fungua folda ile ile kwa programu nyingine tofauti kabisa, uone kimebaki nini. Nyota zipo? Tegi zipo? Tarehe imebadilika kweli au ilibadilika kule tu? Ukikuta hamna kitu, rudi kwenye mipangilio utafute sehemu ya metadata (maelezo ya picha), huenda ni kuwasha tu. Ukiwasha na bado hamna kitu, hapo unaamua kama unataka kuishi humo milele.

Kitu ambacho hakitahama hata ufanyeje ni kuediti. Nyota zinahama, tegi zinahama, ila "pandisha vivuli kiasi cha 40" ya Lightroom kwa darktable haina maana ile ile, kila programu ina hesabu zake za ndani. darktable inajaribu kusoma baadhi ya mambo ya Lightroom, matokeo yanafanana kwa mbali tu. RawTherapee, nyingine ya bure ya kuediti raw, ina vifaili vyake vya .pp3 ambavyo wengine hawana habari navyo. Dawa ni moja, zile picha unazozipenda kweli eksporti JPEG nzuri au TIFF uiweke pembeni ya ile ya asili. Zilizobaki ukihama utaediti upya ama utaacha, na kusema kweli nyingi utaacha.

Tarehe. Hapa naomba uvumilivu maana kuna watu wanapanga picha kwa tarehe ya faili, ile unayoiona kwenye folda, halafu wanashangaa picha za miaka 10 zote zimeangukia siku moja. Hiyo ni siku uliyozishusha kutoka klaudi. Tarehe ya kupigwa inakaa kwenye Exif na inaitwa DateTimeOriginal, programu isiyopanga kwa tarehe hiyo achana nayo. Ila nayo ina mambo yake. Exif kwa miaka mingi haikuwa na sehemu ya kuandika saa za eneo, sehemu hiyo imeongezwa kwenye toleo la 2.31 mwaka 2016, kamera ya zamani itaandika saa 3 asubuhi bila kusema saa 3 ya wapi. Video ndo balaa, kwa kanuni za MP4 saa inatakiwa iandikwe kwa UTC (saa ya kimataifa), wengine wanafuata, wengine wanaandika saa ya pale pale, matokeo yake picha na video za tukio moja zinapangwa zikiwa zimepishana masaa na programu hii inarekebisha kivyake na ile kivyake. Sina dawa safi ya hili. Narekebisha kwa mkono kwa ExifTool ya Phil Harvey, ya bure, haina vitufe, unaiandikia amri, na bado sijaona kitu kinachoifikia.

Na picha za WhatsApp usiniulize. Zimeshabanwa, Exif imeshanyofolewa, jina linakuja kama IMG-20190412-WA0007.jpg na hiyo 20190412 ni siku iliyoingia kwenye simu, kwa hiyo picha ya miaka ya 80 iliyoskaniwa ikatumwa itakaa 2019 na kila programu itakuapia ni ya 2019. Ukitaka picha ya maana mwambie mtu aitume kama document.

Wale wa "mimi natumia simu tu, Google Photos inatosha". Inaweza kutosha. Ila ujue mambo matatu ambayo watu wanayapita. Ile ya kuweka bila kikomo bure iliisha tarehe 1 Juni 2021, sasa ni GB 15 na unagawana na barua pepe zako. Ukibonyeza kile kitufe cha kuachia nafasi kwenye simu, zile nakala za kwenye simu zinaondoka, umebaki na moja tu kule kwao, sio mbili kama unavyodhani, na mtu anayeniambia "ziko sehemu mbili" namuomba azime data tufungue picha ya zamani pamoja. Na siku ukiomba zote zirudi kwa Takeout, huduma ya Google ya kushusha data yako, picha zinakuja na vifaili vya maandishi vya .json pembeni, ile tarehe uliyoirekebisha kwa mkono iko kwenye json, ndani ya picha kumebaki ya zamani. Inarekebishika, ExifTool tena, ila watu wengi wanazifuta hizo json siku ya kwanza kwa sababu zinachafua folda.

Ningependa niseme nina uhakika na kila kitu lakini kuna mawili yananisumbua. La kwanza ni kuandika ndani ya faili lenyewe. Faida yake tegi haziwezi kutengana na picha, hasara yake unaigusa picha ya asili, na programu ikikwama katikati ya kuandika unaweza kuiharibu, halafu bekapu nayo inaona mafaili maelfu yamebadilika inayapakia yote upya kisa umeongeza tegi moja. Kwa JPEG naandika ndani, kwa raw siandiki, naweka pembeni, na ukinibana sana kwa nini JPEG ndio na raw hapana nitakosa jibu la kishujaa. La pili ni hizi tegi zenyewe. Sasa hivi unaandika "mbwa ufukweni" kwenye kutafuta na mashine inakuletea bila wewe kutegi chochote, na kila mwaka inazidi kuwa nzuri, mpaka najiuliza kama kutegi mbwa na fukwe ni kupoteza muda. Nimeshaacha kutegi vitu vinavyoonekana. Ninachoandika ni ambacho mashine haiwezi kukiona kwenye picha: huyu wa kushoto anaitwa nani, tulikuwa tunasubiri nini pale, nani alipiga.

Haya majina, maana najua ndo mlichofuata. Unapiga raw nyingi na kulipa kila mwezi hakukuumi, Lightroom Classic, ukiacha kulipa katalogi bado inafunguka na kueksporti unaeksporti, ila sehemu ya Develop, ile ya kuediti, inafungwa. Hutaki kulipa, digiKam kwa kupanga na darktable au RawTherapee kwa kuediti, zitakuchosha mwanzoni. Vifaa vyote ni vya Apple na huna mpango wa kutoka, Photos. Photoshop na GIMP ni za kuchezea picha moja, sio za kupanga elfu 20, tafadhali tusirudie hapo.

Na zile programu za kutafuta picha zinazojirudia, kabla hujabonyeza futa zote, angalia inapima kwa lipi. Inayolinganisha mafaili kwa hesabu haitagusa yaliyotofautiana hata kidogo, ila inayosema "zinafanana kwa macho" ikikuta ile ya asili ya kamera na ile iliyobanwa na WhatsApp inaweza kukubakishia ndogo.