Fundi wa ndege kusoma kitabu sio kwamba hajui kazi

Ile meseji inazunguka tena kwenye magrupu ya huku Moshi na Arusha, eti ukiona fundi anasoma kitabu huku anatengeneza ndege usipande, huyo ni mwanafunzi. Jamani, si kweli. Hata mzoefu wa miaka 20 anatakiwa afuate kitabu hatua kwa hatua, maana ukichoka au mtu akikuita katikati ya kazi unaruka nati moja na hujui. Kule Canada mwaka 1993 iliandikwa orodha ya vitu 12 vinavyokosesha mafundi, na uchovu, presha na kuizoea kazi mno vimo. Ndo maana sehemu nyeti inakaguliwa na mtu wa pili naye anasaini, na boksi la spana lina nafasi ya kila kifaa, ikibaki moja wazi inatafutwa kwanza. Muulize fundi yeyote wa ndege mwenye leseni, atakwambia hivyohivyo.

Tunachanganywa na gereji zetu, fundi anayesifiwa ni yule anayesikiliza injini tu akajua. Tafadhali ikikufikia usiifowadi, inatisha abiria bure na inamfanya fundi aone aibu kufungua kitabu.