Je, wajua kwa nini nyuzi 32 za Unguja zinachosha kuliko nyuzi 38 za bara kavu?

Mgeni anashuka botini bandari ya Malindi, Unguja, mwezi wa Februari, saa sita mchana. Simu inamwambia joto ni nyuzi 32. Kabla hajafika bustani ya Forodhani shati limemganda mgongoni, kichwa kizito, miguu haitaki. Mtu wa Lodwar, kaskazini ya Kenya, ambako nyuzi 38 si ajabu, huuliza swali moja: mbona kwetu ni kukali zaidi na sichoki hivi?

Jibu liko kwenye jasho. Mwili haupoi kwa sababu jasho limetoka. Unapoa pale jasho linapokauka. Lita moja ya jasho ikikaukia kwenye ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, ambalo lingetosha kuchemshia lita 7 za maji ya bomba. Lakini jasho linalodondoka kidevuni au kulowesha mkanda wa suruali halijapoza kitu. Hilo ni maji na chumvi iliyopotea bure.

Sasa ili jasho likauke, lazima hewa iwe na nafasi ya kulipokea. Ngozi iliyolowa huwa na nyuzi 35 hivi, na hewa inayogusana nayo hubeba karibu gramu 40 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya Unguja yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 tayari imebeba gramu 24. Tofauti ni 16 tu. Hewa ya nyuzi 38 yenye unyevu wa asilimia 20 ina gramu 9, tofauti 31. Huko kukavu jasho linakauka karibu maradufu, mara nyingi bila mwenyewe kuliona. Ndiyo maana wataalamu wakipiga hesabu ya joto analolihisi mtu, zile 32 za Unguja zinatoka 40 au 41, na zile 38 zinashuka hadi 36 au 37. Tena hesabu hiyo ni ya kivulini. Juani ongeza hadi nyuzi 8.

Ukitaka kuuona unyevu huo kwa macho, toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Kabla hujapata kifungulio imeshatoka jasho na kuacha duara la maji juu ya meza. Katika hewa ya namna hii kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 kinalowa. Na usiku wa Februari au Machi haushuki sana: 24, 25, basi. Mwili uliotegemea kupumzika usiku unaamka haujapumzika, na siku ya pili inaanza na deni la siku ya kwanza.

Joto hilo lina msimu wake. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, na maadamu inavuma watu wanapumua. Wakati mgumu zaidi ni pale inapoanza kufa, mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, kabla masika haijashika. Upepo unakuwa wa maleleji, hauna nguvu wala mwelekeo, na maji ya bahari yamefika nyuzi 29 au 30. Jua nalo linapita utosini hasa: Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi, mnamo saa sita na nusu mchana, nguzo iliyosimama wima haina kivuli. Hali hiyo inarudi tena wiki ya pili ya Oktoba, ila wakati huo bahari bado haijapata moto. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe, Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya raha, kusi, upepo wa kusini, inapovuma.

Asiye na uhuru huo ajue kwamba mwili unajifunza, lakini kwa siku 7 hadi 14. Maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, na chumvi ndani yake inapungua. Mwenye mapumziko ya siku nne au tano anaondoka kabla somo halijaisha. Kwa hiyo usipange safari nzito siku mbili za mwanzo. Msitu wa Jozani, mashamba ya viungo ya Kizimbani, kutembea mji mzima kwa miguu: viweke mwisho wa safari, na viwe vya asubuhi, mmalize kabla ya saa nne. Toka tena baada ya saa kumi.

Pwani ya mashariki ina mtego wake, na unawanasa wengi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Paje na Jambiani hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Watu wanafuata maji hadi kwenye mwamba, mbali na ufukwe, jua likiwa bado linavumilika. Wanaporudi ni saa sita na nusu, hakuna mti, hakuna paa, na mchanga mweupe na maji ya kifundoni yanarudisha jua usoni kutoka chini, ambako kofia haikingi. Nenda maji yakiwa bado yanatoka, geuka yanapofikia mwisho wake, na kila mmoja abebe lita moja ya maji mkononi. Kuogelea kunapoza kweli, hata kwenye maji ya nyuzi 29, kwa kuwa maji yananyonya joto la mwili haraka kuliko hewa. Lakini anayeelea kifudifudi kutazama samaki Mnemba hasikii mgongo unavyoungua. Avae fulana ya mikono. Ngozi iliyoungua hutoa jasho kidogo, na hapo umeharibu chombo chenyewe cha kujipoza.

Upepo ndiyo dawa ya kwanza

Turudi kwenye zile gramu. Unyevu wa kisiwa huwezi kuupunguza, lakini unaweza kuiondoa hewa iliyoshiba inayong'ang'ania ngozi na kuleta nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya upepo. Feni haipozi chumba hata kidogo, inampoza mtu. Na kwa kuwa hewa ya Unguja na Pemba ni nadra kupita nyuzi 35 za ngozi, feni hapa inafaa karibu wakati wote. Kwenye majangwa ya nyuzi 42 ingekuwa inampulizia mtu moto.

Kwa hiyo ukitafuta chumba, swali la kiyoyozi liwe la pili. La kwanza ni madirisha. Yawe pande mbili, hewa iingie huku itokee kule. Dirisha moja, hata likiwa kubwa namna gani, halipitishi upepo. Wakati wa kaskazi, Matemwe, Kiwengwa na Paje, zote za pwani ya mashariki, zinapata upepo wa moja kwa moja, na upande wa magharibi, Mji Mkongwe ukiwemo, uko kwenye kinga. Uliza pia paa. Makuti hayahifadhi joto na yanapumua. Mabati yasiyo na dari yanamulika joto kichwani mchana kutwa.

Nyumba za Mji Mkongwe zina hesabu yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, zinanyonya joto la mchana polepole, na vichochoro vyembamba vinawekeana kivuli. Saa nane mchana ndani kunakalika vizuri. Joto lile lile ukuta unalirudisha usiku. Mwenye kulala humo apumzike ndani mchana, kisha magharibi ikiingia apande juu ya nyumba au atoke Forodhani kwenye upepo wa bahari, arudi kulala ukuta ukiwa umepoa kidogo.

Kama kiyoyozi kipo, kitumie kwa akili. Kile kibomba kinachodondosha maji nje ya dirisha kinaonyesha sehemu kubwa ya kazi yake: yale maji yalikuwa mvuke chumbani mwako. Ukiacha mlango wa roshani wazi, kinakaa kukausha hewa ya bahari badala ya kukupoza wewe. Kukiweka nyuzi 16 mara nyingi hakuharakishi kitu, kunakifanya kichelewe tu kusimama. Weka 26 na washa feni pamoja nacho. Anayejifungia kwenye 18 mchana kutwa anajinyima lile somo la mwili. Umeme ukikatika, fungua madirisha ya pande zote mara moja, usingoje chumba kifukute. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa bila umeme huo, katikati ya kaskazi. Upepeo wa ukili ni wa bei ndogo. Nunua mmoja.

Mavazi ni rahisi: nguo pana, nyepesi, za pamba, zenye uwazi shingoni na chini ili hewa ipite. Kanzu na dera zimeshajibu swali hilo, na zinatosheleza heshima ya mji pia. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Harara, vile vipele vya shingoni na kifuani, hutokea vijitundu vya jasho vikiziba. Oga maji ya baridi, jikaushe mbele ya feni, wala usipake mafuta mazito juu yake.

Kwenye kunywa, makosa ni mawili. La kwanza linajulikana: kungoja kiu. Unapotembea juani, kunywa kikombe kimoja, mililita 250, kila dakika 15 hadi 20. Usizidishe lita 1.4 hivi kwa saa. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Kosa la pili halisemwi sana: kunywa maji matupu siku nzima bila kula. Jasho linaondoka na chumvi, na maji mengi bila chumvi yanaizimua ile iliyobaki kwenye damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, na mtu anashauriwa azidi kunywa. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, halitoshi peke yake. Kula na kitu cha chumvi: muhogo wa kuchoma, korosho, embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Aliyetoka jasho sana au anayeharisha atengenezewe lita moja ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukizidisha chumvi unamdhuru, hasa mtoto. Ramadhani ikiangukia msimu huu, kama mwaka 2026, asiyefunga anywe ndani, si barabarani, na apange matembezi yake kwa kuhesabu hilo. Mwenye dawa za presha za kukojoza aulize daktari kabla ya safari, asiziache mwenyewe.

Jua kutofautisha uchovu na hatari. Jasho jingi, ngozi baridi, kizunguzungu, misuli kukaza, lakini mtu anajibu sawasawa: mlaze kivulini, miguu juu, mpe kinywaji chenye chumvi. Akianza kuropoka, kuyumba, kutojua alipo, au akazirai na mwili unawaka, joto la ndani huenda limefika 40, na hapo kila dakika ina thamani. Usidanganyike kwamba lazima ngozi iwe kavu. Wengine bado wanatoka jasho. Usimpe kitu mdomoni, atapaliwa. Mvue nguo za juu, mmiminie maji mwili mzima, ndoo baada ya ndoo, na watu wawili wampepee bila kusimama. Barafu ya duka la karibu ifungwe kwenye kanga, iwekwe shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Kutoka Nungwi hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ni karibu saa nzima kwa gari, kwa hiyo mmoja atafute gari wakati wengine wanamimina maji, na njiani madirisha yawe wazi, kanga ibaki imelowa.