Rangi Haifufui Mnara Chakavu

"Umesimama miaka 15 haujaanguka, tukiupaka rangi utasimama mingine 15." Karibu kila anayenunua mnara chakavu ili atundike antena ya redio ya ridhaa (ya watu binafsi kuwasiliana wao kwa wao, si ya biashara) huja na maneno haya. Jibu lake ni swali: ulisimama wapi?

Mnara uliokaa miaka 15 Dodoma na uliokaa miaka 15 Nungwi si kitu kimoja, hata vikiwa vimetoka kiwanda kimoja. Chuma cha unene wa zaidi ya mm 6 kilichochovywa kwenye zinki ya kukikinga na kutu hutoka kiwandani na tabaka la mikroni 85 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Bara, mbali na bahari, zinki huliwa chini ya mikroni 1 kwa mwaka. Ufukweni, kusi ikipeperusha chumvi, huliwa mikroni 4 hadi 8. Piga hesabu mwenyewe. Wa Dodoma bado una nguo zake, wa Nungwi umebaki uchi au una kitambaa kiunoni.

Na kutu inayoangusha mnara huioni. Minara mingi midogo ina miguu ya bomba. Maji huingia kwenye maungio, hushuka ndani, hufika kwenye tundu la chini lililozibwa na zege la fundi asiyejali, na hapo hapo hukaa. Nje panang'aa, ndani bomba la mm 3 limebaki mm 2. Theluthi ya chuma imekwenda, tena kwenye kipande cha chini kinachobeba vingine vyote. Kwa hiyo mnara hukaguliwa ukiwa umelala, vipande vimefunguliwa, na pesa bado iko mfukoni.

Anza na nyundo ndogo. Gonga kila mguu kila sentimita 10, kuanzia chini. Chuma kizima hulia kama kengele, kilicholiwa hutoa mlio mfu, na mara nyingine nyundo hutumbukia. Mulika tochi ndani ya bomba. Tundu za boliti zilizogeuka umbo la yai zinakwambia kipande kilikuwa kikicheza kwenye upepo, kiache. Sugua viungo vya kuchomelea kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, utafute ufa mwembamba kama unywele. Kisha vuta uzi toka ncha hadi ncha ya mguu: kipande cha mita 3 kikiachana na uzi zaidi ya mm 3 kimepinda, na usishawishike kukinyosha kwa jeki.

Fundi wa mageti atakwambia anaweza kukitia kiraka. Kiraka kitashika, tatizo ni kwamba moto wa kuchomelea huunguza zinki pande zote mbili za bomba. Nje utapaka rangi, ndani mkono haufiki. Vipande vizima 6 vya mita 3 ni mnara wa mita 18. Vipande 10 ambavyo 4 ni vibovu ni mnara wa mita 30 kwa siku chache tu.

Boliti za zamani na waya za zamani za kuushikilia mnara hazirudiwi hata zikiwa safi. Nunua boliti za daraja la nguvu la 8.8 zilizochovywa kwenye zinki, siyo zile za njano za duka la vifaa vya ujenzi ambazo zinki yake ni ya kuwashia macho tu. Rangi ina zamu yake baada ya yote haya: osha chumvi kwa maji baridi, acha ikauke, paka rangi ya msingi inayoshika kwenye zinki. Rangi ya mafuta ya kawaida ikigusa zinki hufanya utando wa sabuni chini yake, ikabanduka vipande vipande.

Maneno mengine ninayoambiwa nayapitia kwa haraka.

"Kwetu hakuna kimbunga." Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kimbunga kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha merikebu bandarini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Tena upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Kwa mita 40 kwa sekunde, kila mita ya mraba ya antena inasukumwa kwa takriban kilo 100, na antena ipo kileleni.

"Waya zikazwe mpaka ziimbe." Hapana. Mvuto wa mwanzo ni kama asilimia 10 ya nguvu ya kukatika. Waya wa chuma mgumu wa nyuzi 7, unene wa inchi robo, hukatika kwa kilo 3,000 hivi, basi kaza kilo 300, upime kwa kipimo. Waya 3 za namna hiyo zikishuka kwa pembe ya digrii 45 tayari zinaukandamiza mnara kwa kilo 630. Ukikaza mara mbili, mzigo wa kuuvunja kiuno unafika tani na robo.

"Mchanga ni mchanga." Wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege. Tumia mchanga wa shimo uliopimwa, maji ya kunywa, nondo zikae ndani sm 7.5 kutoka kwenye udongo. Zege lisibebeshwe mnara siku ya tatu. Lisubiri siku 28, likimwagiwa maji siku 7 za mwanzo.

"Mnara unaita radi." Mnazi wa jirani nao hupigwa. La kuhangaikia ni radi itakapopita ikishapiga. Kwenye uwanda wa mawe fimbo ya ardhi, ya kupeleka radi udongoni, hugota nusu njia, basi chimba mifereji na ulaze waya wa shaba wa mita 10 au zaidi kutoka kila mguu, uufunge pamoja na ardhi ya umeme wa nyumba. Shaba tupu isigusane na chuma cha zinki, maana kwenye unyevu wa chumvi shaba huila zinki. Tia kibanio cha chuma kisichoshika kutu katikati.

"SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ni 1:1, antena ni nzuri." Mzigo bandia, kifaa cha majaribio kinachomeza nguvu badala ya antena, pia husoma hivyo na hauwasiliani na mtu. Kebo iliyoingia maji hunywa nguvu njiani, mita ikatabasamu.

"Juu zaidi ndiyo mbali zaidi." Kwa masafa ya 14 MHz mita 21 ni urefu mzuri wa kutafuta Ulaya na Japani, leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ikiwa mkononi, na ukiwa karibu na uwanja wa ndege waulize TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kwanza. Lakini anayetaka mnara ili azungumze na ndugu yake Chake Chake, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mji wa Unguja, hahitaji mnara. Waya 2 za mita 10 kila moja kwenye 7 MHz, zimetandazwa mita 8 kutoka chini, zitarusha mawimbi karibu wima, nayo anga la juu litayarudisha Pemba mchana kutwa. Minazi 2 inatosha.