Laptop ikianza kuongea sio virusi jamani

Juzi hapa Mwanjelwa, Mbeya, dada mmoja wa stationari kanijia mbio na laptop yake, "kaka imeingia virusi, inaongea yenyewe!" Kila akigusa kitufe sauti inataja herufi kwa Kizungu, kuna kiboksi cha bluu kinahamahama kwenye skrini, na fundi kashamwambia andaa elfu ishirini apige windo upya, yaani aiwekee Windows mpya. Hebu tulia kwanza.

Haina virusi wala haijarogwa. Hiyo ni Narrator, kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kipo toka Windows 2000, kimewekwa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu, kuna watu wanaandika barua na kufanya kazi zao zote kwa kusikiliza hiyo hiyo sauti inayokukera wewe. Inajiwashaje? Umebonyeza Ctrl, kitufe chenye alama ya Windows na Enter kwa pamoja bila kujua, au mtoto kachezea, au ulikuwa unafuta vumbi kwenye kibodi (na vumbi letu la kiangazi si unalijua). Kuizima ni vitufe vitatu hivyo hivyo tena, basi, hulipi mtu. Ukitaka inyamaze kidogo tu gusa Ctrl.

Halafu wengine wanasema eti Caps Lock imekufa. Wapi, Narrator inakuwa imeikopa kama kitufe chake cha amri, ibonyeze mara mbili fasta utaona herufi kubwa zinarudi.

Yule dada tulizima pale pale kaunta akabaki anacheka, ila elfu tano ya advansi aliyompa fundi haijarudi mpaka leo.