Viuatilifu kwenye maji: kuchemsha hakutoshi

Dhana: Maji yakichemka, sumu imekufa.

Kinachokufa ni vijidudu. Kiuatilifu, yaani dawa ya kuulia wadudu au magugu shambani, ni kemikali, na aina nyingi haziondoki na mvuke kirahisi. Sufuria ikitokota muda mrefu maji hupungua, sumu ikabaki kwenye maji machache zaidi. Tuendelee kuchemsha kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini anayeteka chini ya mashamba ya nyanya asidhani amemaliza.

Dhana: Basi tutie klorini.

Kwa baadhi ya viuatilifu, hapo unaharibu zaidi. Klopirifosi, dawa ya kuulia wadudu, ikikutana na klorini hugeuka kemikali nyingine, oksoni, yenye sumu kali kuliko yenyewe.

Dhana: Maji meupe pee ni salama.

Shabu na mbegu za mlonge hutuamisha tope. DDT, dawa ya kuulia wadudu, haiyeyuki vizuri, hung'ang'ania tope, hivyo sehemu yake hutuama nalo. Atrazini ya kuulia magugu kwenye mahindi huyeyuka, na hupita kwenye kitambaa hata kwenye chujio la mishumaa ya udongo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita kwa atrazini, na 1 tu kwa DDT. Kiasi hicho hukioni wala hukionji.

Dhana: Mkaa wa jikoni unatosha.

Hii imeukaribia ukweli. Mkaa hunasa kemikali kwenye vitundu vyake, ila wa jikoni una vitundu vichache. Mkaa amilifu huchomwa kwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 au zaidi, hadi gramu moja inapata eneo la mamia ya mita za mraba. Ndio unaofanya kazi, tena kwa muda: ukishajaa haunasi tena, lazima ubadilishwe. Glifosati, dawa nyingine ya kuulia magugu, huukwepa kwa kiasi kikubwa.

Dhana: Kuosha bomba la kupulizia dawa mtoni hakudhuru, maji yanapita.

Yanapita kwenda kwenye ndoo ya mwenzako. Hili linaniuma kuliko yote, maana kuzuia ni rahisi kuliko kusafisha. Chupa ikiisha, tia maji safi, funga, tikisa vizuri, mimina kwenye bomba. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe. Maji ya kuoshea bomba yanyunyizie kwenye shamba lile lile ulilopulizia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto.