Magazeti hayakuanza kufungiwa juzi

Hapa Moshi kwenye meza za magazeti watu wanasoma vichwa vya habari wamesimama, wengine hata hawanunui, na lazima umsikie mtu anasema magazeti yalianza kufungiwa enzi za Magufuli. Sio kweli jamani. Sheria ya Magazeti ilitungwa 1976, Mwalimu akiwa rais, ikampa waziri uwezo wa kufungia gazeti bila kwenda mahakamani, na kwa sheria hiyohiyo MwanaHALISI likafungiwa 2012, halafu 2013 Mwananchi siku 14 na Mtanzania siku 90, hapo rais ni Kikwete. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaifuta ile ya zamani, ila rungu likabaki serikalini, tena ikaongeza sharti la gazeti kuwa na leseni, na hilo ndo linaniuma zaidi.